Stelingi Asiye Stelingi: Uhakiki wa Filamu ya Romper Stomper kutoka Kigoma

Romper Stomper, filamu ya Australia ya mwaka 1992 iliyoandikwa na kuongozwa na Geoffrey Wright, ni kazi nzuri ambayo nisingependa kuiona ikioneshwa katika kibanda chochote cha video hapa Kigoma. Kauli hizo mbili hazipingani, na nitajaribu kueleza kwa nini. Filamu hii, yenye urefu wa takriban saa moja na nusu, inalifuata genge la vijana Wazungu walionyoa vipara, wanaovaa buti nzito na kujipamba kwa alama za Kinazi, wanaolala katika ghala kwenye kitongoji cha Footscray, magharibi mwa jiji la Melbourne, na wanaowapiga Wavietnamu kila wanapowakuta. Jina litakalomvutia mtazamaji wa huku kwanza ni la Russell Crowe, ambaye wengi wetu tulimfahamu akiwa na upanga na ngao katika Gladiator ya mwaka 2000. Anayemtafuta mtu yule hapa hatampata, na kutompata kwake ndiko kunakoifanya filamu hii iwe ngumu kwa mazoea yetu ya kutazama.

Nakala niliyoiona niliwekewa kwenye flashi katika duka moja la Mwanga, ikiwa imechanganywa na filamu za mapigano ambazo muuzaji aliziona kuwa za familia moja. Kiingereza cha waigizaji ni cha mitaani, cha haraka, kimejaa matusi, na hata mtu aliyezoea Kiingereza cha taarifa ya habari atahitaji maandishi ya chini ya skrini. Asiyeyapata atapoteza sehemu kubwa ya mazungumzo, ingawa hatapotea katika hadithi, kwa kuwa Wright husimulia kwa miili ya watu zaidi kuliko kwa vinywa vyao.

Kuna mambo ambayo filamu yenyewe haijishughulishi kuyaeleza, nayo yanamsaidia mtazamaji wa mbali. Mwaka 1901, mara tu makoloni ya Australia yalipoungana kuwa shirikisho, bunge lake jipya lilitunga sheria ya uhamiaji iliyokusudiwa kuwazuia wasio Wazungu kuingia, na mabaki ya sera hiyo hayakuondolewa hadi mwaka 1973. Mwezi Aprili 1975 Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ikaanguka, na mwaka uliofuata mashua ya kwanza ya wakimbizi wa Vietnam ikafika Darwin, kaskazini kabisa mwa nchi. Wengi waliofuata, baadhi kwa mashua na wengi zaidi kwa ndege kutoka katika kambi za Asia ya Kusini-Mashariki, walikwenda kuishi palipokuwa na kodi nafuu na viwanda, na Footscray ilikuwa mahali pa namna hiyo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi ukadorora na ajira zikaadimika, na kijana Mzungu asiye na kazi akawa anapita kila asubuhi mbele ya maduka ambayo wenyewe waliingia nchini wakiwa hawana kitu. Wright hatupi hotuba juu ya hayo. Anatuonesha tu mitaa ya nyuma, kuta zilizochakaa na vijana wasio na pa kwenda siku ya kazi.

Mtindo wenyewe wa vipara na buti haukuzaliwa Australia, wala haukuzaliwa pamoja na ubaguzi. Ulianza London mwishoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa vijana wa tabaka la wafanyakazi waliopenda ska na rege ya mwanzo kutoka Jamaika, na waliocheza muziki huo kumbi moja na vijana weusi. Ni katika miaka ya 1970 ndipo makundi ya siasa kali za kibaguzi yalipojipenyeza na kuwageuza baadhi yao kuwa askari wa mitaani. Genge la Footscray limerithi mavazi bila kurithi kumbukumbu. Jambo hili ninalitaja kwa sababu mtu anaweza kutoka katika filamu hii akidhani kuwa kila kipara duniani kinabeba chuki, na huo utakuwa uonevu wa namna nyingine.

Hadithi inaanzia katika njia ya chini ya stesheni ya reli ya Footscray, ambako Hando, kiongozi anayeigizwa na Crowe, anawazingira pamoja na wenzake vijana wachache wa Kivietnamu, anawaeleza kuwa hapa si kwao, kisha kipigo kinaanza. Baada ya hapo anaingia Gabe, msichana wa familia tajiri anayeugua kifafa, ambaye Jacqueline McKenzie anamwigiza kana kwamba hana ngozi ya kumkinga na dunia. Gabe anakuwa mpenzi wa Hando, huku Davey, rafiki wa karibu wa Hando anayeigizwa na Daniel Pollock, akiwatazama na kunyamaza. Baa wanayokunywa inauzwa kwa mfanyabiashara wa Kivietnamu, nao wanakwenda kuwapiga wanawe. Hapo ndipo hesabu yao inapokosewa, kwa kuwa mmoja wa vijana anafanikiwa kupiga simu, na magari yanaanza kuwasili yakiwa yamejaa watu.

Sehemu inayofuata ndiyo kiini cha filamu, na ndiyo niliyorudi kuitazama. Vipara waliokuwa wababe wa mtaa wanagundua kuwa wamezidiwa idadi, na wanaanza kukimbia. Kamera ya Ron Hagen inakimbia pamoja nao katika vichochoro, inayumba, inapoteza watu na kuwapata tena, inaingia nao ghalani, inasikia milango ikivunjwa nyuma yao, na inapanda nao hadi wanapotorokea juu ya paa huku Wavietnamu wakiharibu kilichomo chini. Hakuna teke la kuruka hewani, wala adui anayengoja zamu yake ya kupigwa kama tulivyozoea katika filamu za Hong Kong. Mtu akipigwa anaanguka vibaya na anabaki pale. Ngumi nyingi zinakosa. Watu wanahema. Sijaona filamu nyingi zinazoonesha ukweli huu mdogo, kwamba mapigano halisi ya mtaani hayana ufundi na kwamba sehemu yake kubwa ni woga na mbio.

Lakini hapohapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa kamera iko pamoja na wanaokimbia, mtazamaji naye anahema upande wao. Nilijikuta nikitaka mlango ushikilie, kisha nikakumbuka ni akina nani walio nyuma ya mlango huo na wamefanya nini dakika chache zilizopita. Nadhani Wright alikusudia nijikute hivyo. Sina hakika kuwa kila mtazamaji atafika kwenye hatua ya pili, ile ya kukumbuka.

Wanaoishutumu filamu hii kwa kulitukuza genge hawajaiangalia mwendo wake. Baada ya kipigo cha mwanzo, genge halishindi tena jambo lolote la maana. Linapoteza baa, linapoteza ghala, linapoteza wafuasi, na linapovamia jumba la Martin, baba yake Gabe, kwa nia ya kuiba na kuharibu, mwishowe linafukuzwa na mzee mmoja mwenye bunduki. Bubs, aliye mdogo kuliko wote, anauawa na polisi kwa risasi, na kifo chake kinapita haraka kiasi cha kuudhi, bila muziki wa kuomboleza, bila mtu wa kumfumba macho. Ukilichora genge hili kwenye ramani utaona ni watu wanaorudi nyuma tu, kutoka chumba hadi chumba, kutoka mtaa hadi mtaa, hadi ardhi inawaishia na wanasimama ufukweni mbele ya bahari. Hakuna jeshi la kinazi hapa, ila vijana wanaohamahama kama wakimbizi, na kejeli hiyo Wright ameipanga kwa makusudi bila kuitamka.

Kejeli nyingine ziko nje ya filamu, na nazitaja kwa kupita tu. Nchi ambayo Hando anaiona kuwa yake ilikuwa na wenyewe kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya meli za Waingereza kuleta wafungwa mwaka 1788. Hata Crowe mwenyewe, anayetamka maneno hayo ya kuwafukuza wageni, alizaliwa Wellington, New Zealand, mwaka 1964.

Uigizaji wake ni wa kutisha kwa sababu ameupunguza. Hando hapigi kelele sana. Anazungumza taratibu, huwagusa wenzake mabegani, humsomea Gabe kitabu cha Hitler kitandani kwa upole wa mtu anayesoma mashairi ya mapenzi, na katika upole huo ndipo mtu anapoelewa kwa nini vijana wanamfuata. Wanamfuata kwa sababu ndiye pekee aliyewaambia kuwa wana thamani. Itikadi yake ni nyepesi, ni vipande alivyookota, naye hajui cha kuifanyia zaidi ya kuirudia, ila imempa familia. Taasisi ya Filamu ya Australia ilimpa Crowe tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwaka huohuo wa 1992, na sioni ni nani angeweza kuibisha.

Hata hivyo mtu ninayemfikiria zaidi ni Davey. Kuna jambo dogo sana ambalo Wright analiacha lipite bila kulipigia mstari: Davey anabandua alama za kinazi kwenye koti lake kwa sababu zinaweza kumuudhi bibi yake, ambaye ni Mjerumani. Hiyo ni hoja nzito kuliko hotuba yoyote. Kijana amevaa alama za Ujerumani ya Hitler mjini Melbourne, anawapiga watu kwa ajili yake, na mtu pekee katika maisha yake anayetoka Ujerumani kweli ndiye asiyeweza kumwonesha alama hizo. Anaishi kwenye chumba cha nyuma cha bibi huyo, humjibu kwa adabu, na katika chumba hicho filamu inatulia kwa mara ya kwanza. Pollock anamwigiza Davey kama mtu aliyechelewa kuamka, anayesikia maneno yake mwenyewe na kuanza kuyatilia shaka, lakini asiyejua atakuwa nani akiyaacha. Pollock alifariki mwezi Aprili 1992, kabla filamu haijaingia kwenye majumba ya sinema, na kujua hilo kunamfanya mtu aitazame sura yake kwa uzito ambao mwongozaji hakuupanga.

Gabe ndiye injini ya hadithi, ingawa picha za matangazo humweka pembeni. Ameumizwa nyumbani na baba yake kwa namna ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuumizwa, na filamu inalisema hilo bila kuficha wala kulifanyia maonesho. Anaingia katika genge kama anavyoingia mtu chini ya mti wakati wa radi, na anapoona mti huo nao unaungua, ndiye anayechukua hatua ambazo wanaume wote waliobaki wanashindwa kuzichukua. McKenzie hamfanyi awe wa kuhurumiwa tu. Gabe anaweza kuwa mkatili, anaweza kuwa mjinga, na anapocheka katikati ya uharibifu wa jumba la baba yake unaelewa kila kitu kinachomchekesha. Mwandishi mwenye ujasiri mdogo angempa Davey jukumu la kuokoa. Wright anajua kuwa Davey hawezi kumwokoa mtu bila kwanza kusukumwa na msichana huyu.

Sasa niseme lile ambalo, kwa maoni yangu, mtu wa Kigoma analiona haraka kuliko mhakiki wa Melbourne au London. Mkoa huu umezoea kupokea watu wanaokuja na mafurushi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa. Mwezi Mei 2015 Warundi kwa makumi ya maelfu walijazana katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini. Aliyekuwapo anakumbuka waliotoa nguo na unga. Anakumbuka pia waliosema kuwa kuni zitakwisha, kwamba bei ya dagaa itapanda, kwamba wizi wowote utakaotokea aliyeufanya anajulikana anakotoka. Na Mha, mwenyeji wa mkoa huu, huyohuyo aliyesema hayo sokoni, akifika Dar es Salaam na lafudhi yake, huulizwa kwa mzaha ambao si mzaha kama yeye kweli ni Mtanzania au ni Mrundi aliyejipenyeza. Mtazamaji wa hapa, basi, huketi mbele ya filamu hii akiwa mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja.

Kutoka katika nafasi hiyo, ninaona pengo kubwa. Wavietnamu wa Romper Stomper wamepewa ngumi lakini hawakupewa vinywa. Tunawaona wakipigwa, kisha tunawaona wakija kwa wingi kujitetea, na Tony Le-Nguyen, anayemwigiza kijana aitwaye Tiger, ana uso ambao ungeweza kubeba filamu nzima. Lakini hatuingii katika maisha yao. Hatumjui yeyote kati yao kwa kiwango tunachomjua hata Cackles au Sonny Jim, ambao ni wafuasi wa pembeni wa Hando. Hatujui walivuka bahari gani, walimwacha nani, baba aliyenunua baa alifanya kazi gani kuipata fedha hiyo, au wanasema nini mezani usiku baada ya kipigo. Mwalimu mwenzangu tuliyetazama naye, mzaliwa wa Kibirizi, aliniambia tulipomaliza, "Ndugu yangu, hawa wamewekwa kama mvua. Wananyesha, wanaondoka." Nilimjibu kuwa mwongozaji ameamua kuishi ndani ya genge, na kwamba kutoka ndani ya genge Mvietnamu haonekani kama mtu. Hakuridhika na jibu hilo, na nikilipima tena naona alikuwa na haki ya kutoridhika. Kuonesha upofu wa mtu ni jambo moja, na kumlazimisha mtazamaji aufuate hadi mwisho bila kumfungulia hata dirisha moja ni jambo jingine. Wright alimfungulia Davey dirisha kupitia bibi yake. Angeweza kumfungulia Tiger moja pia, hata la dakika mbili, bila kuharibu mpango wake.

Ipo filamu ya Marekani ya mwaka 1998 juu ya Manazi vijana, ile ambayo Edward Norton aliigiza kama kaka mkubwa anayetoka gerezani akiwa amebadilika, na wanaoijua wataniuliza ipi bora. Ile inafundisha. Inamwonesha mtoto, inaonesha mezani chuki ilipopandwa, inaonesha gereza lilivyomgeuza mtu, na mwalimu anaweza kuijadili na wanafunzi wakubwa. Hii ya Australia haifundishi na haitaki kufundisha, haitoi chanzo kimoja cha chuki wala dawa yake. Kwa darasa ningechukua ile. Kwa mtu mzima anayetaka kujua genge linanukaje kwa ndani, nachukua hii.

Kule Australia ilizua ugomvi mkubwa. David Stratton, mhakiki mashuhuri wa televisheni, alikataa kuipa alama yoyote kwa kuwa aliiona ni hatari, wakati mwenzake wa kipindi hichohicho, Margaret Pomeranz, aliisifu. Miaka miwili baadaye, katika tamasha la filamu la Venice la mwaka 1994, Wright alimmwagia Stratton divai. Tendo hilo la Wright lilikuwa la kitoto, na halikujibu hoja. Hoja ya Stratton ina uzito kuliko mashabiki wa filamu hii wanavyokubali, kwa sababu filamu haiishi katika kichwa cha mwongozaji peke yake, inaishi pia katika chumba inamotazamwa. Tofauti yangu naye ni kwamba mimi hatari naiona katika chumba zaidi kuliko katika filamu.

Na ndiyo maana nimeanza na vibanda. Anayeingia kibandani hapa kwetu, iwe Gungu, Ujiji au Katonga, swali lake la kwanza akiketi ni stelingi, yaani shujaa mkuu wa filamu, ni nani. Akishajulikana, kila kitu kinapangika: stelingi ana haki, stelingi hafi, stelingi akipiga tunashangilia. Msimulizi anayetia sauti ya Kiswahili hulijua hilo na huliongezea chumvi, humpa stelingi vichekesho na adui humpa sauti ya kukwaruza. Sasa weka Romper Stomper katika utaratibu huo. Sura kubwa kwenye picha ya tangazo ni ya Russell Crowe, ndiye anayeingia wa kwanza, ndiye mwenye msichana, ndiye anayeongoza mapigano, na jina lake linajulikana. Kibanda kizima kitamtawaza ndani ya dakika tano. Kijana wa darasa la saba aliyeingia filamu ikiwa imefika kwenye mbio za vichochoroni atamkuta "stelingi" akifukuzwa na kundi la Waasia wenye silaha, na hatakuwa na sababu yoyote ya kutomtakia stelingi huyo ushindi. Filamu nzima imejengwa juu ya kumnyang'anya mtazamaji stelingi, polepole, kwa kumfanya kwanza ampende kidogo. Dawa hiyo haifanyi kazi ikinywewa nusu, na haifanyi kazi kabisa ikichanganywa na vichekesho vya msimulizi.

Zaidi ya hayo kuna vitendo vya ngono vinavyooneshwa wazi, damu, matumizi ya dawa za kulevya na matusi ya rangi yasiyokoma. Huko kwao iliwekwa katika daraja la watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na daraja hilo si la ukali wa bure. Wazazi wenye tabia ya kuacha filamu ikiendelea sebuleni huku watoto wakipita kwenda jikoni waisubirishe hadi usiku.

Kwa upande wa ufundi sina mengi ya kulalamikia. Muziki wa John Clifford White unastahili kutajwa, kwa kuwa alitunga nyimbo za kelele ambazo genge linazicheza na kuziimba, kisha akaweka pembeni yake muziki wa ala wenye huzuni ambao unajua mapema kuliko wahusika jinsi mambo yatakavyoisha. Nyimbo hizo za genge zinachangamsha kuliko inavyopaswa, na hiyo ni sifa na ni lawama. Rangi za picha ni baridi, za buluu na kijivu, na Footscray inaonekana kama mji usiojua jua, jambo ambalo wakazi wake wa kweli huenda walikuwa na la kusema juu yake. Dakika za katikati, baada ya tukio la jumba la Martin, zinalegea kidogo: genge limeshavunjika, Hando hana la kufanya, na filamu inatangatanga pamoja naye kabla ya kukaza tena.

Sehemu ya mwisho ufukweni sitaieleza yote, kwa kuwa anayeitazama mara ya kwanza anastahili kutojua ni nani atakayebaki amesimama. Nitasema tu kuwa watu watatu waliobaki wanamalizana mchangani wakati basi la watalii wa Kijapani limesimama juu ya jabali, nao wanashuka na kuanza kupiga picha. Wapo wanaoona hilo ni utani uliozidi, kwamba Wright ameshindwa kujizuia. Kwangu mimi ndilo pigo bora kuliko yote katika filamu. Tangu njia ya chini ya stesheni, Hando amekuwa akijiona kama mlinzi wa nchi dhidi ya watu wa Asia. Hapa watu wa Asia wamekuja kwa hiari yao, wana tiketi ya kurudi kwao, hawamwogopi, hawamchukii, hawamjui, na vita vyake vitukufu wanaviona kama kivutio kimojawapo cha pwani.

Daniel Wyllie, aliyemwigiza Cackles, na McKenzie walirudi katika mfululizo wa televisheni wa jina hilohilo uliotengenezwa Australia mwaka 2018, ambao umehamishia hadithi katika zama za chuki dhidi ya Waislamu, na hautegemei sana mtu awe ameiona filamu. Anayetaka kuvitazama vyote aanze na filamu. Kwa filamu yenyewe natoa nyota nne kati ya tano, na iliyokosekana ni ile ya Tiger. Anayekwenda kuiwekewa dukani ahakikishe mambo mawili kabla ya kulipa: kwamba nakala ina maandishi ya Kiingereza chini, na kwamba inaanzia stesheni, kwa sababu nakala iliyokatwa mwanzo inamwanzishia mtazamaji kwenye baa, kati ya marafiki wanaocheka, na anayeanzia hapo anakuwa hajaona kile ambacho marafiki hao wametoka kukifanya.